Kazi Hainunuliwi: Tujihadhari na Madalali wa Wanamitindo



Siku hizi watoto wetu wa Kakira, Lugazi na Jinja, wasichana kwa wavulana, wanaitwa kwenye kazi ya uanamitindo: kuvaa nguo za makampuni na kupigwa picha, au kutembea jukwaani mbele ya wanunuzi. Wapo wanaoicheka kazi hii. Si haki. Anayesimama kutwa nzima ili nguo ya tajiri ipate soko anauza nguvu zake kama vile mkata miwa anavyouza zake. Huyo ni mfanyakazi, na adui yake tunamjua: dalali wa kazi.

Dalali huyo humsimamisha msichana barabarani au humpelekea ujumbe kwa simu. Humsifu urefu na sura, humwahidi Ulaya. Kisha hudai fedha: ya kuandikishwa, ya "mafunzo", na ya albamu ya picha ambazo lazima zipigwe na mpiga picha wake mwenyewe. Mzazi huuza mbuzi au hukopa kwenye chama cha akiba. Baada ya wiki chache simu haipokelewi, na ofisi ina mpangaji mwingine.

Wakala wa kweli hupata sehemu yake baada ya mwanamitindo kufanya kazi na kulipwa. Kazi ikikosekana, wote wawili wamekosa. Lakini aliyekula kwanza hana haja ya kukutafutia kazi, amekwisha shiba. Tena anayeanza hahitaji albamu ya gharama. Picha chache za kawaida zinatosha: uso usio na vipodozi, ubavu na mwili mzima, pamoja na vipimo vya kweli.

Tukumbuke manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuwaandika kazi, SILABU. Ulikuwa mkono wa unyonyaji, na hatuusifu. Hata hivyo, gharama za kuwaandika na kuwasafirisha manamba zilibebwa na wenye mashamba. Dalali wa leo humtoza hata huyo anayetafuta kibarua!

Mtego wa pili ni deni. Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilieleza habari za vijana wakimbizi wa kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, waliopelekwa Ulaya kuwa wanamitindo. Baadhi yao walirudishwa kambini wakiambiwa kwamba wanadaiwa na mawakala maelfu ya Euro. Ndiyo maana lazima kuuliza mapema: nauli, chumba na picha ni za nani? Kazi isipopatikana, nani atalipa?

Sheria ziko upande wetu. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unakataza wakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, ila pale serikali inaporuhusu kwa sababu maalum. Katika jimbo la New York, Marekani, sheria iliyoanza kutumika Juni 2025 inakataza wakala kudai ada ya kujiunga, tena sehemu yake isizidi asilimia 20 ya malipo. Haki hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Wanamitindo wenyewe walijipanga wakaidai.

Kwa hiyo tufanye haya. Kwanza, asitoe mtu hata senti moja ili apewe kazi. Pili, asitie mtu sahihi siku ile ile; mkataba uletwe kwa katibu wa tawi usomwe kwa sauti mbele ya wazazi. Tatu, kijana asiende peke yake kupigwa picha, wala asikubali kuvuliwa nguo kwa kisingizio cha "majaribio". Nne, asimkabidhi mtu pasi yake ya kusafiria. Tano, vyama vyetu vifungue mlango kwa wanamitindo wawe wanachama. Nguo wanazovaa zimefumwa na wafanyakazi wenzao. Wanaozifuma na wanaozivaa kazini wana shauri moja.

Mfanyakazi hulipwa kwa kazi. Halipi ili apate kazi. Umoja ni nguvu!