Nyama ya mbuzi katika nyuzi kumi chini ya sifuri

BARUA KUTOKA HOUSTON
Na Zuhura Mbaruku

Juzi baridi ilipoanza kuuma, shoga yangu alinipigia simu kulalamika: basi la shule limechelewa dakika arobaini, mzigo aliouagiza haujafika, intaneti nayo inakatikakatika. Nilimwacha ayatoe yote. Sina ubavu wa kumcheka, maana Februari 2021 mimi nililia kwa ajili ya kilo sita za nyama ya mbuzi.

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 15, umeme ulikatika. Sisi tuliokulia Tanga tumeshaonja mgao. Nikageukia upande wa pili, nikalala. Asubuhi nilishtuka kuona pumzi yangu inatoka kama moshi, nami niko chumbani. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kupambana na joto. Mabomba ya maji yanapita darini, na kwangu hata jiko ni la umeme. Kesho yake kipimajoto kilishuka hadi karibu nyuzi 10 chini ya sifuri.

Mkazi wa Minneapolis akizisikia nyuzi hizo atavaa koti aende zake kazini. Kwa hiyo sipendi watu wanaopimana shida kwa kipimajoto. Texas ina gridi yake peke yake, na umeme inaoweza kuazima kwa majirani ni kidogo. Visima vya gesi viliganda, mitambo ya kufua umeme ikazimika mmoja baada ya mwingine, na wasimamizi wa gridi, ERCOT, walikiri baadaye kwamba zilibaki dakika 4 na sekunde 37 yote ianguke. Zaidi ya nyumba milioni 4 zilikuwa gizani. Katikati ya mji, maghorofa ya ofisi yasiyo na mtu yaliwaka taa usiku kucha. Hilo halijanitoka moyoni mpaka leo.

Lakini siku ile sikuwa na habari ya gridi. Nilikuwa nahesabu hasara za friza: mbuzi, sambusa za Ramadhani, samaki. Mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa chini, Mkongo wa Uvira, anauliza kama nina mkaa. Alikuwa na jiko la kuchomea nyama, akitaka kuliingiza ndani. "Batoto banatetemeka, dada."

Mtu wa Lushoto au Njombe haelezwi hatari ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Unalala na joto, huamki. Mkaa nilikuwa nao, nikamnyima. Nikamwambia alete watoto. Tulijaza mablanketi kitanda kimoja, madirisha tukayaziba kwa khanga na mazulia, watu watano tukabanana kama dagaa. Usiku huo nilimsimulia masikitiko yangu ya mbuzi, kwa uchungu kabisa. Mwanawe wa miaka saba akaniuliza kwa nini nisiitoe tu nje barazani, si huko ni baridi kuliko friza?

Nyama ilikaa barazani siku tatu, ngumu kama tofali. Haikuharibika hata kipande.

Jimbo lilihesabu vifo 246, vingi vikitokana na baridi yenyewe. Wengine waliuawa na kaboni monoksidi, ile hewa ya mkaa na ya magari yaliyowashwa gereji wenyewe wapate joto. Wengi wa hao, nadhani, nao walianza siku kwa kulalamikia vitu vidogo, na hawakuwa wakosaji kwa hilo.

Shoga yangu alipotulia nikamuuliza kama mabomba yake ameyaviringishia matambara. Bado. Na mzee wa mlango wa pili, anayeishi peke yake? Hajui. Akakata simu, nafikiri kwa hasira. Baada ya robo saa akanitumia ujumbe: mzee ana umeme na hita inafanya kazi, ila anataka chai ya tangawizi, na anasema ya kwanza haikukolea.