Muhuri Usiohakikiwa ni Pambo

Bila shaka umewahi kupokea kwenye simu barua yenye nembo ya taasisi ya umma, saini ya mkubwa na muhuri wa buluu, ikitangaza ajira, kuahirishwa kwa mtihani au uhamisho wa watumishi. Saa chache baadaye ukaipokea barua ile ile, safari hii imegongwa neno FEKI kwa wino mwekundu, ikifuatwa na wito: ipuuzeni. Watu wakapumua. Swali ninalowauliza wanafunzi wangu ni hili: nani ameithibitisha picha ya pili? Aliyeweza kughushi barua hashindwi kughushi kanusho. Tumezoea kutibu picha kwa picha, kisha tunashangaa ugonjwa hauponi.

Hoja yangu ni kwamba taasisi ya umma isiyompa raia njia ya kuhakiki maneno yake, bila kumpigia mtu simu wala kuwa na jamaa ofisini, haijatimiza wajibu wake. Njia hiyo si ndoto. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walieleza wazo la funguo mbili, mmoja wa siri na mwingine wa hadharani. Mwaka 1978 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakachapisha njia ya kulitekeleza, inayojulikana hadi leo kwa jina la RSA. Mwandishi wa barua hutumia ufunguo wake wa siri kuzalisha saini kutokana na maandishi yenyewe. Yeyote mwenye ufunguo wa hadharani huweza kupima kama saini na maandishi vinaafikiana. Ikibadilishwa hata nukta moja, uhakiki hukataa.

Hiyo ndiyo saini ya kidijitali. Ile picha ya mwandiko wa mkurugenzi iliyopigwa skana na kubandikwa chini ya barua siyo. Picha hunakiliwa na kuhamishiwa popote, hata kwenye barua ambayo mkurugenzi hajawahi kuiona. Sheria haiwezi kusingiziwa hapa. Tanzania ilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015, nayo inatambua saini za kielektroniki. Kilichokosekana ni utashi wa kuhakiki na kuhakikiwa.

Lakini nisieleweke kwamba nahubiri imani mpya katika mashine. Wapo wanaodhani kwamba mfumo ukishaonyesha alama ya kijani, mjadala umefungwa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Uhakiki wa saini hufanywa na maktaba za programu zilizoandikwa na binadamu, na historia yake inatufunza kuliko hotuba za uzinduzi wa mifumo.

Januari 2009 ilitangazwa kasoro katika OpenSSL, maktaba inayotumika sana kulinda mawasiliano ya intaneti. Amri ya kuhakiki saini ilikuwa na majibu matatu: 1 ikiwa saini ni sahihi, 0 ikiwa si sahihi, na namba hasi ikiwa uhakiki wenyewe umekwama. Sehemu kadhaa za msimbo ziliuliza tu kama jibu si sifuri. Kwa hiyo "nimeshindwa kuhakiki" ikasomeka kama "ni sahihi". Watumishi wa umma, je, hamwijui tabia hii? Mtandao ukikatika, mhusika hupitisha faili ili foleni isonge.

Aprili 2022 ikabainika kasoro nyingine, katika Java toleo la 15 hadi la 18. Saini ya aina ya ECDSA huundwa kwa namba mbili, na kanuni yake inataka namba hizo zisiwe sifuri. Sharti hilo halikukaguliwa. Saini yenye sifuri mbili ikakubaliwa kwa ujumbe wowote ule. Ni sawa na mlinzi anayesoma kila kitambulisho kwa makini, ila asiye na kitambulisho humpisha.

Mei 2025 ikawa zamu ya OpenPGP.js, maktaba inayotumiwa kuhakiki jumbe zilizotiwa saini. Mtu aliyepata ujumbe mmoja halali wa mwenzake aliweza kutengeneza mwingine, maktaba ikasema saini ni sahihi, huku ikimpa msomaji maneno ambayo mwenye saini hakuyasaini kamwe. Kumbe swali "je, saini ni sahihi?" halitoshi. Tuulize pia: ni sahihi juu ya maneno yapi, na kwa ufunguo wa nani?

Kasoro zote tatu ziligunduliwa na watu wa nje ya timu zilizoandika msimbo, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi kwao kuuchunguza. Hapa ndipo hesabu inapokutana na siasa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta matokeo ya uchaguzi wa rais, miongoni mwa yaliyoizito mizani ni dosari katika upelekaji wa matokeo, na kutotimizwa ipasavyo kwa agizo lake la kufungua seva zikaguliwe. Mwaka 2022 tume iliweka picha za Fomu 34A hadharani, na yeyote mwenye subira akaweza kujumlisha mwenyewe. Bado watu walibishana, na Mahakama ikathibitisha matokeo, lakini ubishi ulikuwa juu ya karatasi ambazo kila mtu aliweza kuzisoma. Uhakiki unaofanywa na mwenye mfumo peke yake ni ushuhuda wa mtu kwa nafsi yake.

Nitaambiwa kwamba mwananchi wa kawaida hajui hesabu hizi. Hajui pia jinsi mizani ya sokoni inavyosawazishwa, lakini anajua kutafuta alama ya Wakala wa Vipimo, na anaweza kulalamika asipoiona. Nitaambiwa kwamba gharama ni kubwa. Programu kama GnuPG hutolewa bure, na msimbo wake u wazi. Nitaambiwa kwamba saini haithibitishi ukweli wa maneno. Ni kweli kabisa. Kiongozi anaweza kusaini uongo. Lakini akishausaini kwa ufunguo wake, hawezi kuukana kesho asubuhi kwa kuugonga neno FEKI. Nadhani hapo ndipo lilipo tatizo. Barua inayoweza kukanwa ni starehe ya mwenye madaraka: ikipendeza ni yake, ikichukiza ni ya wahuni wa mitandaoni.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kwanza, kila taasisi ya umma itangaze ufunguo wake wa hadharani katika Gazeti la Serikali, pamoja na utaratibu wa kuufuta ukiibwa. Pili, kila tangazo litiwe saini ya kweli, kanusho likiwamo. Tatu, programu ya kuhakiki iwe na msimbo ulio wazi, na jibu lolote lisilo "ndiyo" kamili lihesabiwe kuwa "hapana".

Wanafunzi wa kompyuta, jifunzeni kuandika msimbo unaokataa kabla ya kujifunza unaokubali. Wanaharakati, mkiletewa waraka, ulizeni ufunguo kabla ya kuusambaza. Nanyi watumishi wa umma, mwenye kusema kweli hana cha kuogopa katika saini yake. Asiyetaka kuhakikiwa atueleze sababu, na maelezo hayo ayatie saini.