Dawa ya panya haiishii kwa panya

Jamani, hili neno "dawa" limetuponza. Dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Sumu tunaiita dawa, kisha tunashangaa.

Nasema hivi kwa sababu nimeshaiweka mwenyewe. Niliinunua kwa machinga, kipakiti cha nailoni hakina hata herufi moja, nikaitega juu ya dari ambako paka wetu hafiki. Nikajiona mjanja. Siku kadhaa baadaye paka akaanza kuzubaa, fizi zimekuwa nyeupe, akajificha chini ya kabati. Tukamkuta kafa. Mama akasema ni jirani kamlisha sumu, maana alikuwa akilalamikia samaki wake. Nami nikaitikia!

Kumbe paka hahitaji kuifikia dawa. Sumu nyingi za panya za siku hizi, kama brodifacoum na bromadiolone, huzuia mwili kuitumia tena vitamini K, na bila hiyo damu haigandi. Panya hafi papo hapo. Huzunguka siku kadhaa akilegea, akivujia damu kwa ndani, na hapo ndipo paka anapomdaka kirahisi. Akila wawili watatu wa namna hiyo, sumu inajikusanya kwenye ini lake. Kwa kuwa dalili huchelewa, hakuna anayekumbuka dawa ya darini. Tunamkumbuka jirani.

Paka akiwahishwa kwa daktari wa mifugo, vitamini K1 ya wiki kadhaa inaweza kumwokoa. Lakini daktari atauliza: kala sumu gani? Zinki fosfaidi hutoa gesi tumboni na haina kiuasumu. Nyingine hushambulia neva, tiba yake ni tofauti kabisa. Kipakiti kisicho na jina kinamfunga daktari mikono, awe wa paka au wa mtoto.

Marekani mwaka 2008 waliamua kuziondoa hizo kali kwenye rafu za bidhaa za nyumbani. Sisi tuanze na dogo tu: sumu isiyo na jina isiuzwe. Mbona hata maji ya chupa yana lebo?

Juzi nimempitia kijana mmoja Manzese, kipaza sauti begani. Nikamuuliza, ndani mna nini?

"Hiyo kiboko, braza. Panya haamki."

Na paka je?

Akacheka, akanirudishia chenji ya mteja mwingine kwa makosa.