Shule Ipi Bora Katika Wilaya Yetu?

Liko jambo ambalo huwashughulisha sana wazazi kila mara matokeo ya kidato cha nne yatokapo: shule ipi ya serikali ni bora katika wilaya yetu?

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Walakini matokeo ya kila shule bado yaonekana wazi, na mtu mwenye simu na kalamu aweza kuipanga wilaya nzima kabla chai yake haijapoa. Hutazama Daraja la Kwanza ni wangapi na sifuri ni wangapi, basi hukumu imekwisha. Kisha huanza safari za kwenda ofisi ya elimu kuombea watoto uhamisho.

Mimi sipingi kulinganisha. Ng'ombe twawalinganisha mnadani, seuze shule za watoto wetu? Ila naona twahesabu wanaotoka, na walioingia hatuwaulizi.

Wazee waliosoma zamani za Tanganyika hupenda kusifu shule zao za kati, zile za darasa la tano mpaka la nane, ambazo nyingi zilikuwa za bweni. Babu mmoja jirani yetu hushikilia ya kuwa hakuna sekondari ya leo inayofikia shule yake. Sitaki kubishana na mzee. Lakini yeye mwenyewe husimulia jinsi mtihani wa darasa la nne ulivyowachuja, wenzake wengi wakabaki nyumbani na jembe. Shule iliyochaguliwa watoto wachache namna hiyo ilikuwa na deni la kufaulu.

Na sasa ndivyo yalivyo. Darasa la saba likimalizika, baadhi ya wenye alama za juu kabisa huchaguliwa kwenda Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na Tabora. Wengine huenda bweni nyingine. Wanaosalia huandikwa shule ya kata, na hapo lugha ya masomo yageuka kutoka Kiswahili kuwa Kiingereza kana kwamba mtu amehamishiwa nchi ngeni usiku.

Nasema haya kwa kuwa kidato cha kwanza na cha pili nilivisoma katika shule ya kata iliyo mwisho kabisa wa wilaya, kabla sijahamia hapa. Kule mwalimu wa hesabu alikuwa mmoja kwa shule nzima. Wa fizikia alikuja, akakaa mihula miwili, akaomba uhamisho. Nyumba ya kupanga yenye umeme haikuwapo, wala simlaumu. Maabara tulikuwa nazo, zilizojengwa kwa michango ya wazazi, lakini moja tuliitumia kuwekea mahindi ya uji. Wenzangu wengine walikuwa wakitoka nyumbani gizani, na saa sita mchana ungewaona wakisinzia juu ya ramani ya Afrika.

Shule ile haijapata kusifiwa katika orodha yoyote. Hata hivyo kijana mmoja aliyekaa dawati moja nami alipoingia alikuwa hawezi kutunga sentensi moja ya Kiingereza, na alipomaliza alipata alama 27, yaani Daraja la Nne. Kwenye orodha za watu Daraja la Nne ni aibu. Walimu wake wajua kazi waliyoifanya.

Na liko jambo baya zaidi. Tulipoanza tulijaza mikondo mitatu. Darasa letu lilipofika kidato cha nne, ilitosha mikondo miwili. Wengine walianguka upimaji wa kidato cha pili, wakaona haya kukariri na wadogo zao. Wasichana wawili walipata mimba. Tangu Novemba 2021 serikali yaruhusu mama kama hao warudi shuleni, lakini sikumwona hata mmoja akirudi. Hawa wote hawamo katika matokeo. Tena shule ikipoteza wanafunzi wake dhaifu, wastani wake huonekana umepanda, nayo husifiwa!

Basi mimi ningependa kila shule ibandike ubaoni, karibu na matokeo yake, waliingia wangapi kidato cha kwanza na walifika wangapi cha nne. Walimu wa hesabu na wa sayansi ni wangapi. Na wangapi hutembea zaidi ya saa moja kuja shule. Karatasi moja yatosha.

Mdogo wangu yuko darasa la saba. Baba alikwisha kata shauri ahamie kwa shangazi mjini, apate kusoma shule inayosifiwa. Nilimwomba kwanza aende akaulize maswali hayo. Alipanda baiskeli Jumatatu, akarudi jioni. Mkuu wa shule alimpokea vizuri, akamwambia kidato cha kwanza kina mikondo sita, na walimu wa hesabu ni wawili, mmoja yu likizo ya uzazi. Juu ya walioacha shule alisema daftari liko kwa mwalimu wa taaluma, naye hakuwapo siku ile. Baba atarudi tena wiki ijayo.