Uchumi Unaopita Bila Kusimama

Tuache kudanganyana: uchumi kukua si maendeleo. Anayebisha aje Kiboko, hapa kati ya Emali na Makindu, asimame kando ya barabara ya Mombasa ahesabu malori. Ule uchumi wote mnaosifiwa kwenye taarifa ya saa moja unapita hapa mchana na usiku. Swali ni moja tu: unaacha nini?

Mimi si mchumi. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokwama. Lakini hii hesabu haihitaji digrii.

Chukua SGR. Ilimeza zaidi ya shilingi bilioni 300, na ujenzi wote ukahesabiwa kuwa ukuaji. Ilipozinduliwa 2017, stesheni za abiria zikawekwa Emali na Kibwezi. Sisi wa katikati tunapungia treni mkono. Mwaka 2019 serikali ikaagiza mizigo ya bandarini ipande reli. Kwa takwimu za taifa, tani ni tani, iende kwa lori au kwa treni. Lakini behewa halili chapati. Dereva wa lori anakula, analala, anaziba pancha, anabebea watoto machungwa. Agizo lile liliuma miji ya barabara hii, Mariakani hadi Emali, mpaka lilipoondolewa 2022. Uchumi wa nchi haukusikia chochote. Mama wa kibanda alisikia.

Na msiseme ni bahati mbaya. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulisema wazi: pesa za maendeleo ziende kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme, kwa sababu huko ndiko zitazaa zaidi. Ukambani tukaambiwa tungoje, chungu kijae kwanza ndipo tupakuliwe. Babu zetu walingoja. Waliojaza chungu ndio walioshika upawa.

Sawa, bila ukuaji hakuna cha kupakua. Hilo sipingi. Ninachopinga ni kuamini kwamba chakula kitajipakua chenyewe. Katiba ya 2010 ilipoleta kaunti, Makueni ilipata mgao wake na sauti ya kuamua. Mwaka 2016 ikaanzisha Makueni Care: familia ilikuwa ikilipa shilingi 500 kwa mwaka, ikitibiwa katika hospitali za kaunti. Mpango huo haukufanya mvua inyeshe wala haukuongeza lori hata moja barabarani. Lakini mtu aliacha kuuza mbuzi ili mtoto alazwe. Hayo ndiyo maendeleo, na yalitoka kwa uamuzi wa watu, si kwa asilimia.

Kwa hiyo wakitangaza tena kwamba uchumi umekua, usikimbilie kupiga makofi. Nenda kikao cha bajeti cha wadi yako uulize: umekua wapi, kwa nani, na sisi tumebakiwa na nini? Wakikujibu kwa asilimia, uliza tena.