Kuba Si Mgeni Machakos

Mwandishi wenu anadai albamu ya Buena Vista Social Club haifai kupigwa kwenye sherehe za Machakos, eti ni muziki wa wageni. Nakataa kabisa. Tangu 1933 santuri za mfululizo wa GV zilileta muziki wa son wa Kuba barani Afrika. Wakongo wakaitambua kama damu yao iliyovushwa bahari utumwani, wakazalisha rumba. Rumba ikarutubisha benga ya Kenya, na benga ndiyo Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers waliyoipiga kwa Kikamba na Kiswahili (na vizuri ajabu!). Albamu yenyewe, ya 1997, ilikusudiwa kuwashirikisha wanamuziki wa Mali. Hawakufika Havana ilikorekodiwa, wakongwe wa Kuba kama Ibrahim Ferrer na Rubén González wakaibeba. Mgeni hapo ni nani?