Mashini ya matone ikikataa, tusidanganye



Wengi wenu mliona ile mashini yetu ya matone ya maji, mkacheka. Mlisema: "Umeme wa Uvira unatoka kwa mashini za mto Ruzizi, hautoke mu mikebe ya nyanya!" Sisi wa mwaka wa tano tunapenda kujibu kidogo.

Kwanza, si mchezo. Mashini hii ilielezwa na mtaalamu William Thomson, aitwaye pia Lord Kelvin, mwaka wa 1867. Maji yanatoka kwa mirija miwili, yanapita katikati ya pete mbili za waya, yanaanguka katika mikebe miwili. Pete ya kuume inafungwa kwa mkebe wa kushoto, na ya kushoto kwa mkebe wa kuume. Mkebe mmoja ukipata chaji kidogo tu, pete iliyofungwa nao inavuta chaji ya kinyume katika matone. Matone yanaipeleka mkebe wa pili, na pete ya huu wa pili inaongeza ile ya kwanza. Inakua, inakua, mpaka cheche inaruka. Nguvu inatoka katika kuanguka kwa maji, sawasawa na kule Ruzizi.

Lakini ya kwetu ilinyamaza juma zima. Tukatafuta kosa moja moja na kuandika katika kaye. Bidoni zetu mbili hazikuunganishwa. Tukatumia bidoni moja kwa mirija yote miwili. Mikebe ilikaa juu ya meza yenye unyevu. Tukaiweka juu ya vipande vya mishumaa. Maji yalipita pete yakiwa kama uzi. Tukayapunguza yakatike matone mle mle ndani ya pete. Ncha kali za waya zilipoteza chaji hewani; tukazikunja. Bado kimya, sababu ni majira ya mvua.

Siku ya wazazi ikakaribia. Mmoja wetu akasema: "Tusugue biki kwa nywele, tuguse mkebe kwa siri. Kile kikaratasi cha aluminiyomu kitatingishika. Nani atajua?" Tulibishana mpaka usiku. Kumbe kuanzisha mashini kwa biki si kosa. Kosa ni kuficha.

Basi mbele ya wazazi hakukuwa cheche. Tulisoma makosa yetu, na tuliona haya sana. Juma lililofuata jua likawaka, tukakausha kila kitu, tukagusa mkebe kwa biki mbele ya wote. Matone yakaanza kuruka pembeni kufuata pete, na kikaratasi kikasimama!

Kwa hiyo tunawaomba walimu wetu wapenzi: mtoe pointi kwa kaye ya makosa pia, si kwa cheche tu. Pointi zikitolewa kwa cheche peke yake, mwaka kesho kutakuwa cheche nyingi, na biki nyingi mfukoni.

Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa tano, Runingu